Tafadhali Uliza Mfuko

Mjomba alikuwa na tabia ya kusoma barua kwa sauti wakati wa chai ya asubuhi, na ukishakaa naye mezani huna pa kukimbilia. Anaikunjua taratibu, anaisogeza mbali na macho mpaka mkono unaishia, anakohoa kidogo, halafu anaanza kusoma kama anayetangaza msiba. Upande wa pili wa meza alikaa mpwa wake, akipaka siagi kwenye mkate ambao hakuwa na hamu nao tena.

"'Ndugu mwanahisa,'" alisoma Mjomba Jumamosi hiyo. "'Tumepokea barua yako na tunathamini sana mchango wako wa mawazo.' Mchango wa mawazo! Nani kawapa mawazo? Mimi nimeuliza swali. 'Kampuni haijatoa hata senti moja kwa chama chochote cha siasa. Kampuni huchangia mfuko wa udhamini, ambao ni chombo huru. Kwa maelezo zaidi, tafadhali uliza mfuko.' Umesikia hayo?"

"Nimesikia, mjomba."

"Sasa sikiliza ya mfuko." Akachukua barua ya pili, akaitingisha kama anayekung'uta vumbi. "'Ndugu mwananchi. Tumepokea barua yako na tunathamini sana mchango wako wa mawazo.' Eh! Na hawa nao? Hawa watu wamesoma shule moja? 'Mfuko hupokea michango ya kampuni mbalimbali na kuifikisha kwa vyama mbalimbali. Si utaratibu wetu kueleza mchango wa nani umekwenda kwa nani. Kwa maelezo zaidi, tafadhali uliza aliyechangia.'" Akaiweka barua juu ya nyingine, akazipiga kofi zote mbili. "Aliyechangia anasema uliza mfuko, mfuko unasema uliza aliyechangia. Wananipiga danadana, mtu mzima na mvi zangu. Na hakuna jina chini! 'Kwa niaba ya.' Kwa niaba ya nani? Anayeandika huu upuuzi, siku moja nataka nikutane na aliyemlea. Nimuulize tu, mzee mwenzangu, ulikosea wapi?"

Mkate ukampalia mpwa. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na Mjomba akainuka, akamzungukia kumpiga mgongoni kwa upole, kama alivyokuwa akimfanyia tangu utotoni.

Maana ni yeye aliyemlea. Mama yake alipofariki, kaka wa mama alimchukua akiwa na kisanduku kimoja cha nguo, akamsomesha mpaka akawa alivyo, yaani katibu wa kampuni ya rangi, mwenye ofisi, mwenye muhuri, mwenye kuandika barua za mkurugenzi. Zote mbili zile alikuwa ameziandika yeye.

Mtaani Mjomba alijulikana kwa jina la Refa. Enzi zake alikuwa anachezesha ligi ya mtaa, na kuna siku aliwapa penalti wageni dakika za mwisho, timu ya mtaa wake mwenyewe ikatolewa. Jioni ile mawe yalinyesha juu ya bati. Mpwa wake, binti mdogo wakati huo, alijificha chini ya meza na kumuuliza kwa nini hakujifanya hakuona. "Refa akiona, anapuliza," alimjibu. "Akiona akanyamaza, wale si wachezaji tena, ni watu wanaokimbizana uwanjani."

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyechukua kiinua mgongo chake akanunua hisa za kampuni ya rangi. Gawio lilikuwa dogo na hakulalamika. Kilichomkaa kooni ni kwamba kampuni ilipata zabuni ya kupaka rangi shule zote za serikali, na mtaani ikawa inasemwa kwamba kabla ya zabuni kulikuwa na bahasha. Mkono mtupu haulambwi, wakasema watu, wakacheka, wakaendelea na shughuli zao. Mjomba hakucheka. "Mimi nimenunua hisa, sikununua kadi ya chama," alisema. "Kama hela yangu imekwenda kwenye chama, niambiwe ni chama gani. Pengine ni changu, nitafurahi!"

Na jambo lililomuuma mpwa kuliko yote ni kwamba Mjomba hakuwahi kumuuliza yeye. Aliamini kwamba barua hizo zinaandikwa na mawakili fulani mjini, watu wa tai na maji ya chupa. Tangu mwanzo alimwambia, "Wewe, mama, mimi sikuulizi neno. Uko kazini kule, una siri za watu. Refa haendi kumuuliza ndugu yake aliyeko jukwaani." Heshima hiyo ilimchoma. Angeulizwa, angeweza hata kukasirika.

*

Mfuko wenyewe ulikuwa chumba. Ukiingia kiwandani, mapokezi yako mkono wa kulia, na nyuma ya mapokezi kuna mlango uliowahi kuwa wa stoo ya makopo ya sampuli. Waliyatoa makopo, wakaweka meza, kiti na kibao cha shaba mlangoni chenye maneno "Mfuko wa Udhamini". Harufu ya tina, ile ya kuyeyushia rangi, haikutoka. Wadhamini walikuwa wazee watatu wenye majina mazuri, wakiongozwa na jaji mstaafu. Walikuja mara moja kwa mwaka, wakanywa chai, wakasifia biskuti, wakatia saini walipoonyeshwa. Walikuwa watu wema kabisa, na hilo ndilo walilotafutiwa.

Kazi ya mfuko haikuwa ngumu kuielewa. Kampuni zinaingiza hela, kila moja na maelekezo yake kwamba zake ziende chama gani. Mfuko unazipeleka. Kisha mfuko unatangaza orodha mbili, ya waliotoa na ya waliopata, na sheria inaridhika. Kati ya orodha hizo mbili hakuna mstari unaoonyesha cha nani kilikwenda kwa nani, na chumba kile, kibao kile na wazee wale walikuwepo ili mstari huo usichorwe.

Simu mbili za mapokezi, ya kampuni na ya mfuko, zilipokelewa na dada mmoja ambaye wafanyakazi walimbatiza Sauti Mbili. Ikilia ya kampuni alikuwa mchangamfu: "Kampuni ya rangi, karibu saaana!" Ikilia ya mfuko alishusha sauti mpaka tumboni, kama mtu wa ibada: "Mfuko wa udhamini. Karibu." Mara moja alichanganya, akamkaribisha balozi kwa ile ya uchangamfu, akaandikiwa onyo.

Na Katibu alikuwa na viti viwili. Barua za kampuni aliandikia mezani kwake. Barua za mfuko ilimbidi ainuke, abebe kikombe chake cha chai, apite mapokezi, aingie kwenye kile chumba cha tina na kuandikia humo, kwa sababu Mkurugenzi alishasema kwamba mfuko ni chombo huru, kwa hiyo barua zake ziandikwe kwenye ofisi yake. Mkurugenzi huyo walimwita Utaratibu, na aliyempa jina hilo hakuhangaika kulitafuta.

Jumatatu ile, na barua mpya ya Mjomba mkononi, Katibu alimwendea.

"Mzee, tumjibu tu huyu mwanahisa. Ameuliza, aambiwe, aende zake." Hakutaja kwamba yeye na mwanahisa huyo walikunywa chai pamoja asubuhi.

"Aambiwe nini?"

"Hela zilikokwenda."

"Mimi sijui zilikokwenda," alisema Mkurugenzi, na uso wake ulikuwa mtulivu kabisa.

"Mzee, si wewe mwenyewe uliyenituma niandike maelekezo?"

"Nilikutuma kama nani? Kama katibu wa kampuni, au kama mwandishi wa mfuko?"

"Ulikuwa umesimama mlangoni."

"Mlango upi?"

"Ule ulio kati ya kampuni na mfuko."

"Umeona!" Mkurugenzi akafurahi kama mwalimu aliyepata jibu. "Sasa huwezi kusema ni kampuni iliyokutuma. Kampuni inachangia demokrasia. Demokrasia ikishapata hela zake inazila vipi, kampuni haijui, na haipaswi kujua. Huo ndio utaratibu. Kuna sheria imevunjwa?"

"Hapana, Mzee."

"Basi tatizo liko wapi?"

Alitamani kumwambia liko mezani nyumbani kwake kila Jumamosi, limeshika barua. Hasira ilimpanda, na hakujua aielekeze wapi. Alimkasirikia Mkurugenzi na milango yake. Alimkasirikia Mjomba, kwa nini asipumzike kama wastaafu wengine, afuge hata kuku? Zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, maana kila mwisho wa mwezi mfuko ulimpa posho kidogo, na posho ile ndiyo iliyonunua siagi.

"Jingine," alisema Mkurugenzi alipokuwa anatoka. "Ile simu ya mfuko. Msajili wa vyama alipiga ikaita mpaka ikakata, akaniuliza mimi, eti chombo huru gani hakina mtu? Kuanzia leo, saa za kazi, simu ile iwe hewani, mlio uwe juu, na ipokelewe. Awe nani, sijali. Isizimwe kwa sababu yoyote."

"Hata siku ya mkutano mkuu?"

"Siku ya mkutano mkuu si siku ya kazi?"

Katibu akaenda kumwambia Sauti Mbili, ambaye alitii kwa moyo wote na kuiwekea simu ile mlio wa tarumbeta.

*

Asubuhi ya mkutano mkuu Mjomba alivaa koti lake la sherehe, akalipiga brashi hadi likang'aa mabegani. "Leo mimi na wewe hatujuani," alimwambia mpwa wake kwa furaha. "Wewe uko kazini, mimi niko uwanjani. Nikishamaliza tutarudi wote."

"Mjomba, lazima uulize?"

"Kwani mimi ninaenda kula keki?" Kisha akamtazama, akalainika. "Nini, mama? Watakusumbua kwa ajili yangu?"

Hapo ndipo alipoweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Akasema, "Hapana, mjomba, twende tutachelewa," na njia nzima akawa anaitukana nafsi yake kimoyomoyo. Kazi aliogopa kuipoteza, ndiyo. Lakini siku ambayo Mjomba angejua kwamba mtu anayemtukana kila Jumamosi ndiye anayemmiminia chai, siku hiyo aliiogopa zaidi.

Mkutano ulikuwa kwenye bwalo la wafanyakazi. Mkurugenzi alikuwa ameamuru ukuta wa mbele upakwe upya, na wanahisa wa mstari wa kwanza walikuwa wanapumulia kwenye leso. Sauti Mbili alisimama mlangoni akiandikisha watu. Katibu alipopita, dada huyo alimbandika simu ya mfuko mkononi. "Dada, mimi leo niko hapa na hawa. Shika mtoto wako. Mlio uko juu kama Mzee alivyotaka."

Akaenda kukaa meza kuu, kulia kwa Mkurugenzi, kipaza sauti mbele yake, karatasi za kumbukumbu upande mmoja na simu ya mfuko upande wa pili.

Taarifa zikasomwa. Watu wakasinzia, wakaamka, wakapiga makofi kwa gawio. Yakaja maswali. Mjomba alinyanyuka katikati ya bwalo, akafunga kifungo cha koti.

"Mimi nina swali moja na ni lile lile. Mwaka jana kampuni yetu ilitoa hela kwa mfuko. Mfuko ukatoa hela kwa vyama. Hela yetu ilikwenda chama gani? Ni hilo tu. Naomba nisijibiwe kwamba mnathamini mchango wangu."

Bwalo likacheka. Mkurugenzi alikuwa tayari ameishika karatasi ya jibu, iliyoandikwa na Katibu, na sentensi ya kwanza ilikuwa hiyo hiyo. Akairuka.

"Mheshimiwa mwanahisa, kampuni haijatoa hata senti moja kwa chama chochote. Tumechangia mfuko, ambao ni chombo huru. Tafadhali uliza mfuko."

"Nimeuliza. Wamesema niwaulize nyie."

"Hiyo ni kati yako na wao."

"Na wao wanasema ni kati yangu na nyie! Sasa mimi niko kati gani?"

Watu wakacheka tena, na safari hii kicheko hakikuwa upande wa meza kuu. Mkurugenzi akalegeza tai shingoni. Alizoea kuulizwa kuhusu biskuti.

"Mzee wangu, usitupotezee muda. Mfuko una ofisi yake. Una watu wake. Una simu yake, na namba iko nyuma ya taarifa uliyoshika. Mimi siwezi kuwasemea, siwajui hata wanaoshinda pale. Kama huamini, piga! Piga hata sasa hivi!"

Mameneja wa mstari wa mbele wakapiga makofi.

"Mimi si mtu wa simu," alisema Mjomba. "Maneno ya simu hupeperuka. Ndiyo maana naandika barua. Lakini mmenimaliza." Akatoa simu yake ya vitufe, akamgeukia mama aliyekaa jirani naye. "Dada yangu, macho yangu haya ya kukopa. Nisomee."

Mama yule akageuza taarifa, akaanza kusoma namba kwa sauti ya shuleni, tarakimu moja moja, na Mjomba akawa anabonyeza na kurudia. Katibu alizisikia zikija. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuzima. Ingetosha kubonyeza kidogo, na Mjomba angeambiwa namba haipatikani, angeketi, wangerudi nyumbani, Jumamosi angesoma barua nyingine. Na nyingine baada ya hiyo. Angezeeka anazisoma. Na yeye angezeeka anabeba kikombe cha chai kutoka chumba hadi chumba, akijiuliza maswali upande huu na kujijibu upande ule.

Alichoka. Hakuna neno jingine zuri zaidi. Akaondoa kidole.

Tarumbeta ikalia.

Ililia juu ya meza kuu, karibu kabisa na kipaza sauti, na bwalo zima likaisikia mara mbili. Kila mtu akatazama simu, isipokuwa Mjomba, ambaye alikuwa mtu wa kufumba macho akipiga simu ili asikie vizuri. Mkurugenzi aligeuka polepole. Mtu angeweza kuona namna habari ile ilivyokuwa inamfikia, kwanza machoni, kisha mdomoni.

"Zima," alinong'ona.

"Ulisema isizimwe kwa sababu yoyote, Mzee," alijibu Katibu, na kipaza sauti kikalibeba hilo pia. Akapokea, akishusha sauti mpaka tumboni. "Mfuko wa udhamini. Karibu."

"Haloo!" Mjomba alipaza sauti kana kwamba mfuko uko ng'ambo ya mto. "Mimi ni mwanahisa wa kampuni ya rangi. Kabla sijauliza, naomba kujua naongea na nani. Maana barua zenu hazina jina."

Mama jirani alimvuta Mjomba mkono wa koti, naye akamzuia kwa kiganja, asubiri, yuko kwenye simu.

"Unaongea na mwandishi wa zile barua," alisema Katibu. "Za mfuko na za kampuni. Zote. Ni mimi, mjomba."

Mjomba akafumbua macho. Aliitoa simu sikioni, akaitazama, akamtazama mpwa wake kule mbele, akaitazama tena simu. Uso wake ulishuka, mashavu, mabega, koti zima. Katibu aliwahi kumwona hivyo mara moja tu, siku ya maziko ya mama yake. Kicheko hakikutoka kwa mtu yeyote. Wengi hawakujua ni nini hasa wanachokiona, lakini walijua si cha kuchekwa.

Angeweza kukata. Angeweza kukaa, au kuondoka, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliirudisha simu sikioni.

"Haya," alisema. Sauti ilikuwa imepungua. "Swali langu unalijua."

"Nalijua."

"Basi jibu."

"Zilikwenda chama kinachotawala. Zote, mjomba, hakikupata chama kingine hata kidogo. Kampuni ndiyo iliyotoa maelekezo, mimi niliyaandika, na zabuni ya shule ikaja baadaye. Sheria haikuvunjwa. Ila tulikuwa tunajua. Siku zote tulikuwa tunajua."

Mkurugenzi alikuwa amesimama, anasema kwamba huu si utaratibu, kwamba kikao kiahirishwe, kwamba kipaza sauti kizimwe. Hakuna aliyemsikiliza. Katikati ya bwalo watu walianza kunyanyuka mmoja mmoja, mikono juu, kila mmoja na swali lake.

Mjomba hakuwatazama. Alimkazia macho mpwa wake, simu ikiwa bado sikioni, kana kwamba bila hiyo asingefika.

"Nimesikia," alisema. "Lakini unanijua. Maneno ya simu hupeperuka. Niandikie." Akaihamishia simu sikio la pili. "Na safari hii uweke jina. Nijue nimelea nani."

Akakata simu, akaketi, akafungua kifungo cha koti.

Katibu alitafuta karatasi. Mbele yake zilikuwepo zenye nembo ya kampuni na chache zenye nembo ya mfuko, na za aina zote mbili hazikufaa. Akageuza ratiba ya mkutano upande wake mweupe, akaanza na neno "Mjomba".